Mpunga Kwenye Silinda ya Tatu

Tulipoinua silinda hedi, yaani kile kifuniko kizito cha juu ya injini, tulikuta mpunga umeota ndani ya silinda ya tatu. Haukuwa mwingi, ungetosha kujaza kiganja cha mtoto. Machipukizi yake yalikuwa meupe, membamba kama uzi wa kushonea, yamejikunja juu ya pistoni yakitafuta mwanga, na yalikuwa yamekufa siku nyingi. Katika kazi ya ufundi wa mitambo nimetoa ndani ya injini panya, viota vya nyigu, sarafu, na mara moja jino la mtu ambaye hakujitokeza kulidai. Mpunga ulioota sijaukuta tena.

Trekta lenyewe lilikuwa kijijini Namawala, katikati ya miaka ya tisini. Nitalifikia.

Nilistaafu mwaka jana na ninaishi mtaa wa Viwanja Sitini, Ifakara, ambako majirani wananiletea pampu za baiskeli na redio mbovu kana kwamba kustaafu ni kufungua karakana ya bure. Mafundi vijana niliowaacha kazini waliniomba niwaandikie niliyoyaona. Mmoja alitaka pia nieleze nilivyopanda vyeo. Nilipanda kama wengine, kwa kungoja, na hapo hakuna cha kujifunza. Nitaandika juu ya injini iliyojamu, kwa sababu hiyo ndiyo inayompima fundi.

Nilizaliwa Kisawasawa, chini ya milima, nikaja Ifakara nikiwa na cheti cha ufundi na viatu vya kuazima. Karakana niliyoajiriwa ilikuwa na fundi mkuu mmoja, Mzee Kasiani, Mpogoro wa Mahenge. Siku ya kwanza nilimkuta yuko chini ya lori, inaonekana miguu tu. Niliiamkia ile miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja na nini?"

"Nimekuja na cheti."

"Cheti kinafungua nati namba ngapi?"

Alinipa ndoo ya nati na bolti zilizochanganyika, akataka nizipange kwa ukubwa kabla ya saa sita. Nilizipanga. Alizimwaga zote tena ndoani, akaniambia nirudie nikiwa nimefumba macho. Nilimchukia wiki nzima. Tangu hapo sijawahi kuchukua spana isiyolingana na nati, hata mkono ukiwa nyuma ya injini mahali ambapo jicho halifiki.

Mzee Kasiani alikuwa na sheria moja iliyojulikana karakana nzima. Nyundo kubwa aliifungia sandukuni, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Ukiitaka, unamweleza kwanza unapiga nini, unapiga upande gani, na kikivunjika utaweka nini badala yake. Wengi walikwama kwenye swali la tatu wakarudi kutumia spana. Tulimcheka kwamba anailinda nyundo kuliko mke wake. Mkewe alisema ni kweli.

Ni yeye pia aliyenifundisha kutofautisha magonjwa. Watu wetu husema kila injini iliyokufa "imenoki". Iliyonoki imekosa oili ikajila yenyewe. Hiyo inafunguliwa yote, na mara nyingi inazikwa. Iliyojamu kwa kutu ni nyingine. Haijavunjika kitu. Chuma na chuma vimeshikana kwa sababu ya maji na kukaa, na dawa yake ni mafuta, joto na siku. Anayezikosa siku, alisema, asiifungue.

Alistaafu kabla ya miaka ya tisini, akarudi Mahenge kulima. Hivyo hakuwepo siku Mama Edina alipoingia karakana na baiskeli yake, khanga imejaa vumbi hadi kiunoni.

"Fundi, nimekuja kwa ajili ya trekta langu." Alisita. "Trekta la marehemu mume wangu. Limejamu."

Nilimpa stuli akakaa, akanieleza. Mumewe, Gaudensi, alikuwa dereva na mwenye trekta la silinda tatu, kuukuu, lililopita kwa watu wengi kabla yake. Alilima nalo mashamba ya mpunga ya Namawala kwa misimu kadhaa, akafariki kwa homa mwanzoni mwa mwaka ule, kabla ya masika. Trekta lilisimama uani, pasipo paa, tangu siku ya mazishi. Ukoo ulikuwa umekaa kikao wiki iliyopita na kutoa uamuzi: likiwaka kabla ya mvua ya kwanza, litabaki kwa mjane na watoto wake wanne. Lisipowaka, litauzwa kama chuma chakavu na kila mmoja apate chake.

"Likiuzwa, wewe utalima na nini?" nilimuuliza.

"Na hii," akasema, akanionyesha mikono yake.

Udongo wa Namawala ukikauka ni kama tofali. Nilikuwa na likizo ya wiki tatu ambayo nilipanga kujengea choo. Choo kilisubiri.

Nilifunga vifaa kwenye baiskeli, nikafika kesho yake mchana. Namawala ya wakati ule ilizoea wageni kwa sababu ya watafiti wa mbu, na watoto walionizunguka waliuliza kama na mimi nimekuja kuhesabu mbu. Uani nilimkuta shemeji yake Mama Edina, Remigi, mdogo wa marehemu, mtu wa maneno machache aliyetembea na ufunguo wa trekta mfukoni. Kando yake alikuwa jirani, Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe wake, analimia watu kwa plau la ng'ombe. Kati ya Masanja na wenyeji palikuwa na utani usiokwisha.

"Karibu, Fundi," alisema Masanja. "Tunazika lini?"

"Nani?"

"Huyu mnyama wenu. Ng'ombe wangu nao huugua, lakini hawajawahi kuganda."

Kabla ya kugusa spana nilizunguka trekta mara mbili. Matairi yalikuwa mazima. Rejeta haikuvuja. Bomba la moshi, ambalo kwenye trekta lile lilisimama wima kama bomba la jiko, lilikuwa wazi, na kutu nyekundu imechora mstari kutoka mdomoni hadi kwenye injini.

"Marehemu aliliacha hivi, wazi?" niliuliza.

Mama Edina alisema, "Alikuwa na kopo la maziwa ya unga. Kila akizima injini analifunika juu ya bomba. Siku ya msiba wapishi walilichukua kuchotea maji."

"Na halikurudishwa."

"Halikurudishwa."

"Masika yote?"

Remigi alitazama pembeni. Yeye ndiye aliyekuwa amesema, siku ya mazishi, kwamba kitu cha marehemu kisiguswe mpaka matanga yaishe na ukoo ukae. Ndivyo inavyofanyika, na hakusema vibaya. Matanga yalichelewa kwa sababu ndugu wa mbali walikwama na mafuriko, kisha kikao kikaahirishwa mara mbili. Kwa miezi yote ile mvua ilinyesha ndani ya bomba, na kijiji kizima kilipita hapo kikiona, na kila mtu aliheshimu.

Mama Edina alinieleza baadaye, tukiwa wawili. "Niliona maji yanaingia, Fundi. Ilitosha kupanda na kuweka hata sufuria. Lakini wangesema nimeanza kurithi kabla kaburi halijakauka. Nikawa nasikia mvua, nahesabu." Sijasahau maneno yale. Injini nyingi nilizofungua ziliharibiwa na uzembe. Ile iliharibiwa na heshima.

Kazi niliianza hivi. Nilitoa nozeli zote tatu, zile zinazopuliza dizeli ndani ya silinda, nikamimina kwenye kila tundu mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, nusu kwa nusu, nikapima kina kwa kijiti cha mwanzi. Asubuhi ya pili kijiti kilionyesha kwamba silinda ya kwanza na ya pili zimekunywa: mafuta yalikuwa yakipenya taratibu pembeni ya pistoni kwenda chini. Ya tatu haikunywa hata tone. Hapo nikajua mgonjwa ni nani, nikafungua silinda hedi, tukaukuta mpunga.

Masanja ndiye aliyeutambua kwanza. Alichungulia, akaondoa kofia. "Huyu amelima mpaka baada ya kufa," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. Sababu ya mpunga ule kuota humo ni nyepesi: panya walifanya ghala ndani ya bomba la moshi, maji yakazisukuma punje hadi kwenye vali iliyokuwa imebaki wazi, zikaangukia ndani, zikaota kwenye unyevu. Nilieleza hivyo. Mama Edina aliyafunga yale machipukizi kwenye pindo la khanga. Sikumuuliza ya nini.

Chini ya mpunga kulikuwa na pete ya kutu imeizunguka pistoni pande zote. Nilisafisha, nikamimina mafuta upya. Kisha nikachora mstari wa chaki kwenye gurudumu zito la nyuma ya injini, flaiwili, na mwingine kwenye chuma kinachoigusa, ili mistari iwe sawa. Kila asubuhi na kila jioni nilitia spana kubwa kwenye nati ya mbele ya shafti, nikachomeka kipande cha bomba la maji kwenye mpini ili kuurefusha, nikasukuma kidogo kulia, kidogo kushoto, nikaenda nyuma kuangalia chaki. Katika daftari langu la siku zile nimeandika neno moja mara kumi na tano: bado.

Vijana, angalieni hapa. Siku ya nne Remigi alikuja na mnyororo na dereva wa lori la mpunga.

"Tulivute likiwa kwenye gia, Fundi. Litakubali tu."

"Litakubali kuvunjika. Mkono wa pistoni utapinda, utatoka ubavuni mwa injini, utaliona jua."

"Sasa mafuta na chaki ndiyo yatalima?"

"Bwana Remigi, unataka liwake au unataka liishe?"

Nilidhani nimemtukana. Lakini alimgeukia dereva wa lori: "Nenda, ndugu. Tumekusumbua." Na mnyororo akauacha pale uani, ukawa kamba ya kuanikia nepi za mtoto wa mwisho.

Siku ya sita mawingu yalisimama juu ya milima ya Udzungwa na jioni yakadondosha matone. Wazee wawili wa ukoo walikuja wamekunja suruali, wanauliza kama hiyo ndiyo mvua ya kwanza. Mama Edina alikuwa amesimama mlangoni, mkono umeshika fremu. Ni Remigi aliyejibu. Alinyoosha mguu, akakanyaga chini kwa kisigino. "Tope liko wapi? Hii ni rasharasha. Mvua ya kwanza ni ile inayoshika mguu." Wazee walikanyaga na wao. Halikuwepo tope. Wakaenda. Niliandika jambo hilo daftarini lakini sikulipa uzito.

Baada ya hapo tuliingiza joto. Silinda imezungukwa na njia za maji, na silinda hedi ikiwa nje njia zile ziko wazi juu. Ukimimina humo maji ya moto, ukuta wa silinda hutanuka kabla ya pistoni, na mafuta hupata pa kupenya. Mama Edina aliazima zile sufuria kubwa za msibani, akaweka mafiga matatu uani, wanawake wa jirani wakaleta kuni. Walichemsha, mimi nikamimina, nikatoa, nikamimina tena. Mmoja alisema hajawahi kuona trekta linaogeshwa kama mzazi. Siku mbili tulifanya hivyo. Chaki haikusogea.

Siku ya tisa nilikosea. Mawingu yalikuwa mazito tangu alfajiri na mikono yangu ilikuwa imechoka kungoja. Nilichukua kipande cha mninga, nikakiweka juu ya pistoni ya tatu, nikakipiga kwa nyundo. Hakuna aliyeniuliza napiga nini wala upande gani. Mpigo wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili mti uliteleza na ukatua ukingoni, na nilisikia mlio mfupi, mkavu, ambao sikuupenda. Niliweka nyundo chini. Nikamwambia Mama Edina achemshe maji mara moja zaidi.

Asubuhi iliyofuata nilisukuma mpini wa spana na ukaenda. Si sana, mistari ya chaki iliachana kwa upana wa kidole. Sikuendelea mbele. Nilirudisha, nikasukuma tena, nikarudisha, nikimimina mafuta, upana wa vidole viwili, vitatu, kiganja. Ikifika hapo fundi mgeni hutaka kuzungusha duara zima kwa furaha, na kutu inayokatika hukwaruza ukuta kama msasa. Ilinichukua mpaka saa nane mchana kupata mzunguko mmoja kamili. Wanawake walipiga vigelegele. Masanja alisema atawauliza ng'ombe wake kama wana maoni.

Nilitoa pistoni ili kusafisha ringi zake, zile pete za chuma zinazoizunguka kila moja. Ile ya tatu ilikuwa na ufa ubavuni, urefu wa vidole viwili.

Labda kutu na kutanuka kwa chuma ndivyo vilivyoipasua. Naamini ni mpigo wangu wa pili. Pistoni ya trekta lile haikupatikana Ifakara. Ingeagizwa Dar es Salaam, na mvua isingeingoja. Nilikumbuka njia moja aliyonionyesha Mzee Kasiani: unatoboa tundu dogo kwa drili ya mkono pale ufa unapoishia, na ufa ukifika kwenye tundu unakosa njia ya kuendelea. Huzuia kwa muda. Muda gani, hata yeye hakujua. Nilitoboa. Kisha nikamwita Mama Edina pembeni, nikamwonyesha ufa, nikamwambia nani aliyeufanya.

Alipitisha ukucha juu yake. "Litawaka?"

"Litawaka. Litalima msimu huu, nadhani. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi."

"Fundi, wao walisema liwake. Hawakusema liwake miaka mingapi."

"Wakiniuliza?"

"Watakuuliza wewe. Mimi siwezi kukuchagulia jibu."

Jumapili, injini ikiwa imefungwa tena, ukoo ulikuja baada ya misa. Walikaa kwenye mikeka na viti, kama watu kumi na tano. Remigi alitoa ufunguo mfukoni, akaufuta kwenye shati, akanipa. Betri tuliazima kwa mwenye mashine ya kukoboa. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, kisha mweusi, ikazima. Mara ya pili ilishika. Ikiwa baridi ilikuwa na mlio mdogo, ti-ti-ti, pistoni ya tatu ikigonga ukuta. Nadhani ni mimi tu niliyeusikia, kwa sababu watu wote walikuwa wanapiga kelele na Mama Edina alikuwa amekaa chini amefunika uso.

Remigi alinikaribia hadi mdomo wake ukawa karibu na sikio langu. "Fundi, injini ni nzima?"

"Imewaka," nilisema.

Alisikiliza trekta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akawageukia wazee, akainua mkono. "Fundi anasema imewaka. Maneno yameisha." Mvua inayoshika mguu ilinyesha Jumanne.

Msimu ule trekta lililima shamba la Mama Edina, mashamba ya majirani, na shamba la Remigi kabla ya yote. Mimi nilihamishiwa kwenye mashamba ya miwa, juu ya bonde. Kabla ya kuondoka niliandika vipimo vya pistoni, nikaviacha kwa Mzee Salumu, mwenye duka la vipuri karibu na soko la Ifakara, aiagize, nikamwambia Mama Edina kwamba ikifika atume mtu.

Nilirudi baada ya mavuno nikaenda moja kwa moja dukani.

"Ilifika, ikachukuliwa zamani," alisema Mzee Salumu.

"Na nani?"

"Mwanaume. Alisema ametumwa na fundi."

"Mimi sikumtuma mtu."

"Basi ulimtuma bila kujua."

"Alikuwaje, mzee?"

"Wa makamo, maneno machache, ana baiskeli." Alicheka. "Ifakara nzima ina baiskeli."

Nilikwenda Namawala. Mama Edina alisema hakumtuma mtu na hakuiona pistoni yoyote. Alikumbuka tu kwamba shemeji yake aliwahi kulichukua trekta siku tatu, akasema anapeleka plau kuchomelewa. Nilipomwona Remigi tuliamkiana vizuri, akanipa samaki, akanieleza habari za mpunga na wale ndege waharibifu, kwelea kwelea. Nilitaja injini mara mbili. Mara zote mbili alinijaza sahani.

Trekta lilikuwa linarudi kutoka shambani jioni hiyo. Nilisimama kando ya njia nikasikiliza. Ule mlio, ti-ti-ti, haukuwepo. Lakini lilikuwa limefanya kazi siku nzima, na injini ikiwa moto pistoni hutanuka. Hata ile yenye ufa isingelia. Nilimwomba Mama Edina nilifungue kesho yake asubuhi.

"Linalima, Fundi," alisema. "Ukilifungua wataanza kuuliza kwa nini."

Sikulifungua. Lililima misimu mingine mitano, kisha likauzwa kwa mtu wa ng'ambo ya mto, zima, likiondoka kwa nguvu zake lenyewe. Ni pistoni ipi ilikuwa kwenye silinda ya tatu siku linaondoka, ile yenye tundu langu au ile ya Mzee Salumu, sijui mpaka leo.